Kuliko Nini? Kulinganisha Mitindo ya Maandishi katika Kiingereza

Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Naro Moru

Watu wa Naro Moru wana bahati katika jambo la kulinganisha, maana kila asubuhi isiyo na mawingu mlima u mbele ya macho yao. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Hapana ubishi hapo. Batian imeipita Nelion kwa mita 11, na atakaye kusema hivyo kwa Kiingereza husema "Batian is higher than Nelion", yakaisha. Taabu huanza pale mtu anapotakiwa kulinganisha vitu visivyopimwa kwa kamba wala kwa chombo cha mpima ardhi, na kimojawapo ni mtindo wa maandishi.

Swali hilo huwafikia wengi. Mwanafunzi hupewa vifungu viwili katika mtihani, akaulizwa mwandishi huyu ametofautianaje na yule. Kijana anayewaandikia barua wageni wa kupanda mlima huambiwa na mkubwa wake kwamba barua yake haikufaa kama ile ya kwanza, naye asijue kasoro iko wapi. Mara nyingi jibu linalotolewa ni neno moja tu, "better". Neno hilo si kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba halimwambii mtu kitu. Ni sawa na kumwambia mgeni kwamba njia ya Sirimon ni bora kuliko ya Naro Moru, kisha kunyamaza. Mgeni hutaka kuambiwa kwamba njia ya Sirimon ni kavu zaidi na hupanda polepole. Na kwamba ya Naro Moru humfikisha juu upesi, bali ina mwinuko mkali na matope mengi baada ya kituo kiitwacho Met Station. Akiisha kuyajua hayo, atachagua mwenyewe kwa kadiri ya magoti yake.

Basi kwanza yafaa kutazama namna maneno yenyewe yanavyofanya kazi. Katika Kiswahili, mtu akisema "kitabu hiki ni kigumu kuliko kile", neno "kigumu" limekaa vile vile lilivyokuwa, na mzigo wote umechukuliwa na "kuliko". Kikuyu nacho hufanya karibu hivyo kwa neno "gũkĩra", lenye maana ya kupita. Lakini Kiingereza hudai mambo mawili kwa pamoja: neno la sifa libadilike, kisha "than" lifuate. Asemaye "plain than" amelisahau la kwanza, wala si ajabu, kwa kuwa lugha ya mama yake haikumfundisha kubadili sifa.

Neno fupi lenye silabi moja huongezwa "er" mwishoni: plain huwa plainer, dry huwa drier, short huwa shorter. Neno la silabi mbili linaloishia kwa "y" hufuata njia hiyo hiyo, kama lively na livelier. Maneno marefu hutanguliwa na "more": more humorous, more elaborate. Maneno mengine ya silabi mbili hayana msimamo mmoja, na hapo sikio la msomaji mzoefu ndilo mwalimu. "Formal" siku zote hutaka "more", bali "simple" kwa kawaida huwa "simpler". Kuweka alama zote mbili, kama "more plainer", hakukubaliwi leo katika maandishi ya shule wala ya ofisi. Hata hivyo anayeteleza hapo asione haya kupita kiasi. Shakespeare mwenyewe alirundika alama mbili juu ya sifa moja katika Julius Caesar, mchezo ule ambao Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, tafsiri yake ikachapwa mwaka 1963. Wakati wa Shakespeare hilo halikuwa kosa. Ni wanasarufi waliokuja baadaye, kama Askofu Robert Lowth katika kitabu chake cha mwaka 1762, waliolikataza.

Sasa na tuchukue vitabu vyenyewe. Mlima Kenya umeandikwa sana kwa Kiingereza, na maandishi matatu yatatosha. Halford Mackinder, mwanajiografia wa Oxford, alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, na taarifa yake ikachapwa mwaka 1900 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia. Felice Benuzzi alikuwa mateka wa vita, Mwitaliano, katika kambi ya Nanyuki. Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka kambini kwa ajili ya kupanda mlima tu. Wakasimika bendera yao Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini na kutiwa kifungoni. Kitabu chake, No Picnic on Mount Kenya, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1952. Wa tatu ni Jomo Kenyatta, aliyesoma elimu ya desturi za watu kwa Profesa Malinowski mjini London, akatoa Facing Mount Kenya mwaka 1938.

Mtu akiulizwa juu ya Mackinder na Benuzzi, aweza kusema: "Mackinder's account is drier than Benuzzi's." Neno "drier" hapa halina habari ya mvua. Maana yake ni kwamba Mackinder anatoa taarifa kwa wataalamu, wala hakusudii kumchekesha mtu; ilhali Benuzzi anasimulia njaa, vifaa vilivyotengenezwa kwa siri, na picha ya mlima iliyokuwa juu ya karatasi ya kopo la nyama, ambayo walilazimika kuitegemea kama ramani. Kwa hiyo Benuzzi ni "livelier" na "more humorous". Bali katika vipimo na majina ya kitaalamu, Mackinder ni "more exact". Yaonekana kwamba kila neno lina ushahidi wake ndani ya kitabu, na msomaji mwingine aweza kulipinga kwa kufungua ukurasa. Neno "better" haliwezi kupingwa hivyo, na ndiyo sababu halina nguvu.

Tazama tena alama ile ndogo mwishoni mwa "Benuzzi's". Wengi huiacha, wakaandika kwamba taarifa ya Mackinder ni kavu kuliko Benuzzi, yaani wamelinganisha karatasi na mtu. Mswahili hakosi hapo katika lugha yake, maana husema "kuliko ya Benuzzi", na ile "ya" huifanya kazi yote. Katika Kiingereza kazi hiyo ni ya "'s", au ya maneno "that of".

Neno "less" nalo lina faida kubwa, kwa sababu Kiswahili hakina neno fupi la namna hiyo. Sisi huzunguka kidogo na kusema "si rasmi kama". Juu ya Kenyatta yafaa sana. Kitabu chake kina sura za kitaalamu juu ya ardhi, ndoa na elimu ya watoto, kisha katikati huja hekaya ya tembo aliyempora mtu kibanda chake, na kila msomaji wa mwaka 1938 aliweza kujua tembo ni nani. Katika hekaya hiyo mtindo ni "less formal" kuliko katika sura nyingine, lakini ukali wake ni "sharper". Hapo ndipo uchaguzi wa neno unapokuwa jambo la haki. Mtu akisema mtindo wa hekaya ni "simpler", aweza kuwa anausifu, au anaudharau. Aandikaye "plainer" amesema kwamba maneno ni ya wazi. Aandikaye "cruder" amemshusha mwandishi. Wote wawili wametazama ukurasa ule ule.

Kiasi cha tofauti hutajwa kwa "much", "far" au "a little": much plainer, far more formal. "Very plainer" haisemwi.

Limebaki jambo la "than he" na "than him". Vitabu vya zamani vya sarufi vilitaka "Benuzzi is livelier than he", na katika mazungumzo ya kila siku watu husema "than him". La kwanza huonekana la kujikweza, la pili huonekana la barazani. Aandikaye barua ya ofisi au jibu la mtihani atatumia kitendo, "Benuzzi writes in a livelier way than he does", na hakuna msahihishaji atakayetia wino mwekundu hapo.