Garissa: Kila Kundi na Darasa Lake

Alfajiri ya Aprili 2, 2015, washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini, wakaua watu 148. Manusura wengi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo kilipofunguliwa tena Januari 2016, wengi wa waliorejea mwanzoni walikuwa wenyeji.

Utengano huu wa wenyeji na wasio wenyeji haukuamriwa na sheria yoyote. Ni watu wenyewe waliofungasha virago.

Walimu ndio waliotangulia. Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera na abiria 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji. Shule zikabaki na madarasa yaliyojaa na ubao usio na mwandishi.

Upande wa pili, wazazi wenyeji, wengi wao Wasomali, wana hesabu zao. Mtoto huanzia dugsi, yaani madrasa, akikariri Kurani kutoka ubao wa mbao ulioandikwa kwa wino wa mkaa, kabla ya kuingia shule ya serikali. Mwenye uwezo humpeleka shule ya Kiislamu Eastleigh, Nairobi.

Kumlaumu mzazi ni rahisi mno. Si haki pia kumtaka mwalimu asiye mwenyeji, tuseme wa Kitui, arudi bila ulinzi. Lakini serikali iliyokubali uhamisho ilipaswa kuwa tayari na walimu wenyeji, na kuwasomesha ni kazi ya miaka, si ya muhula mmoja.