Mwaka Usio na Mtihani

(Hotuba kwa wageni na waumini katika maadhimisho ya hekalu)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya malezi ya vijana. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni mwaka mzima wa shule usio na mtihani wa taifa. Huenda mzazi akashtuka kusikia hivyo, maana tumezoea kuuona mtihani kuwa ndiyo elimu yenyewe. Lakini iko nchi ambayo imeufuata utaratibu huo kwa zaidi ya nusu karne.

Nchini Ayalandi mwanafunzi husoma miaka mitatu ya kwanza ya sekondari, akafanya mtihani. Mbele yake ipo miaka miwili ya kujiandaa kwa mtihani wa mwisho, ambao matokeo yake huamua nafasi yake ya chuo kikuu. Mwaka 1974 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Richard Burke, aliweka katikati ya vipindi hivyo viwili mwaka mmoja ulioitwa Mwaka wa Mpito. Majaribio yalianza katika shule tatu. Mwaka 1994 mpango ulipanuliwa nchi nzima, na leo shule nyingi za sekondari huko zinautoa.

Kijana wa miaka 15 au 16 hufanya nini mwaka huo? Masomo ya darasani hayaachwi, ila kila shule hujipangia ratiba yake. Wanafunzi huenda kazini kwa siku au majuma kadhaa: hospitalini, gereji, dukani, ofisini, shambani. Huanzisha biashara ndogo na kutunza hesabu zake. Huigiza tamthilia, huwatembelea wazee, hujifunza kupika na kutoa huduma ya kwanza. Mwisho wa mwaka hupimwa kwa jalada la kazi walizozifanya na kwa maelezo wanayoyatoa mbele ya walimu. Tena miongozo ya serikali inatoa onyo: mwaka huo usigeuzwe kuwa mwaka wa tatu wa kukariri mtaala wa mtihani wa mwisho. Waliojua tabia za wazazi na walimu ndio walioliandika onyo hilo!

Mawazo ya namna hii si mageni kwetu. Mwaka 1937, mjini Wardha, Mahatma Gandhi alipendekeza elimu inayomfundisha mtoto kupitia kazi ya mikono. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliuonya mfumo unaompima mtoto kwa mambo aliyoyakariri. Na mwaka ule ule wa 1974 Waayalandi walipoanza majaribio yao, Azimio la Musoma lilitaka vijana wetu wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu ule baadaye ulilegezwa, kisha ukaachwa. Wenzetu wa Ayalandi waliendelea na wao. Wahenga walikwisha kusema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Ndugu zangu, sikuja kuwasifia watu wa mbali. Mpango huo wa Ayalandi una kasoro, na kasoro yake kubwa inatuhusu sisi. Ziara na shughuli za mwaka ule hugharimu fedha, kwa hiyo familia maskini huelemewa. Na nafasi za kazi hupatikana kwa kujuana. Mtoto wa wakili humkuta wakili mezani kwake jioni. Mtoto wa kibarua aende kubisha mlango wa nani?

Sasa tujitazame. Hapa Tanzania mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kwa kawaida kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati kuna miezi saba hivi. Huo ni mwaka wetu wa mpito, ingawa hatukuupanga wala hatukuupa jina. Wengi wanaomudu ada huwapeleka watoto wao kwenye masomo ya ziada, wakakariri kidato cha tano kabla hakijaanza. Wasiomudu hukaa vibarazani wakingoja matokeo. Na wale ambao hawatachaguliwa, kungoja huko hakuna mwisho.

Miongoni mwa waumini wa hekalu hili wapo wenye maduka, karakana, viwanda, maduka ya dawa na ofisi za uhasibu. Watoto wao hukua nyuma ya kaunta, wakijifunza kupokea mzigo, kukagua stoo, kusema na mteja mwenye hasira. Hiyo ni elimu, nao wameipata bila ada. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mtoto mwenye akili ile ile, hana wa kumfungulia mlango.

Ombi langu ni dogo. Kila mwenye biashara aliyeketi hapa ampokee kijana mmoja asiye wa ukoo wake, kwa majuma manne kati ya Januari na Juni. Asimfanye mtumwa wa kufagia na kuchemsha chai. Amwonyeshe vitabu vya hesabu, amweke karibu na fundi, ampe kazi yenye jina. Amlipie nauli na chakula cha mchana, kwa sababu bila hivyo atakayeweza kuja ni yule yule mwenye nacho. Walimu wa shule za jirani wachague vijana na kuwafuatilia, wavulana kwa wasichana, na wazazi wajue mtoto yuko wapi na kwa nani. Mwishoni kijana asimame mbele ya mwenyeji, mwalimu na mzazi wake, aeleze alichojifunza.

Hatuhitaji sheria mpya wala jengo jipya. Ayalandi walianza na shule tatu. Sisi tukianza na maduka kumi, mwakani kwenye sherehe kama hii vijana kumi watakuwa na la kutusimulia, nasi wazee tutanyamaza tuwasikilize.

Naitakia jumuiya hii heri na maisha marefu.