Mbwa ni Mbwa Tu? Hebu Tupige Hesabu

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatutazungumza juu ya ng'ombe wala mbuzi. Hao tumewazungumzia mara nyingi. Leo tumfikirie mbwa anayelinda boma usiku, na paka anayelinda mahindi yasiliwe na panya. Hao wakiugua tunasema nini? "Ah, huyo ni mbwa tu. Daktari ni wa ng'ombe." Hatusemi hivyo kwa roho mbaya. Ni kwa sababu pesa hazitoshi. Lakini je, hesabu yetu ni sawa?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Siku moja tulimtembelea mwanachama mmoja, tukamkuta mbwa wake anatokwa na mate mengi, taya limelegea, hawezi kumeza hata maji. Sote tukasema mfupa umemkwama kooni. Baba wa nyumba akamshika kichwa, na mmoja wetu akatia mkono mdomoni kuutafuta huo mfupa. Hakuna mfupa. Baada ya siku mbili mbwa akafa. Daktari wa mifugo alipofika alituuliza swali moja tu: "Alichanjwa lini?" Tukatazamana. Hakuwa amechanjwa hata mara moja. Kichwa kilipelekwa maabara na jibu likaja: kichaa cha mbwa.

Kumbe si kila mbwa mwenye kichaa hukimbiza watu. Mwingine hulegea tu, anatoa mate, anashindwa kumeza. Sote tulioguswa na mate yake tulikimbilia hospitali, na namshukuru Mungu sote tuko hai. Lakini sindano zile na nauli za kwenda na kurudi zilimaliza akiba ya nyumba ile. Fedha hizo zingechanja mbwa wa kijiji kizima. Hiyo ndiyo hesabu ya "mbwa tu".

Sasa tufanye nini sisi wenye mfuko mdogo?

La kwanza, tumwite daktari pamoja. Chupa ya chanjo ya kichaa mara nyingi huwa na dozi kumi. Inatunzwa kwenye baridi, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi wiki ijayo. Mtu mmoja akimwita daktari kwa mbwa mmoja, atalipia safari yote peke yake, na dawa nyingine itamwagwa. Nyumba kumi zikijiandikisha, zikakubaliana siku moja na mahali pamoja, nauli ya pikipiki inagawanyika na hakuna kinachopotea. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka naye achanjwe. Tena tuulize kwanza ofisi ya mifugo ya kaunti, kwa maana kuna nyakati chanjo hii hutolewa bure. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huu unakosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mbwa wa jirani asiye na uwezo ni shauri letu pia.

La pili, tupige simu mapema, na tuwe na majibu. Ameanza kuugua lini? Ana umri gani? Anakula? Anakunywa? Anatapika? Kinyesi kina damu? Amechanjwa? Daktari akijua haya atakuja na dawa inayofaa, hatalazimika kurudi mara ya pili. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu asingojee kesho, maana maji yakimwishia mwilini anakufa upesi.

La tatu, tuache dawa za kubahatisha. Tuseme ukweli, wengi wetu tumefanya hivi. Paka ana homa, tunampa kipande cha panadol. Jamani, dawa hiyo inamwua paka, hata ikiwa kidogo. Dawa ya kupe tunayowaogeshea ng'ombe nayo isimwagwe juu ya paka. Na huyu mtu anayepita na begi la sindano, bei yake nafuu, tumwulize cheti. Tangu sheria ya mwaka 2011, watoa huduma ya mifugo wanatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwenye cheti hataona haya kukionyesha. Sindano ya bei rahisi isiyotibu ni ghali, kwa sababu utalipa mara mbili.

La nne, tuwe na mfuko mdogo wa wanyama. Kila nyumba itoe kidogo siku ya mkutano, mwekahazina aandike kitabuni, na tukubaliane mapema ni ugonjwa gani utalipiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na hili tusilisahau. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, au mate yakigusa kidonda, osheni mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Amalize sindano zote alizopangiwa. Asingojee dalili, kwa sababu zikishaonekana ni karibu hakuna anayepona. Mbwa huyo, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe, na daktari wa mifugo amwangalie kwa siku kumi. Msimwue mkamzika kimya kimya. Na akionekana kama mfupa umemkwama, msitie mkono. Sisi tulitia.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Katika nyumba zetu kuna mbwa na paka wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu?
2. Nani ana namba ya simu ya ofisa wa mifugo wa wadi yetu?
3. Tukichangia pamoja, kila nyumba inaweza kutoa shilingi ngapi bila kuumia?
4. Ni jirani gani hataweza kulipa, na tutamsaidiaje?

Msiondoke leo kabla ya kuchagua siku ya chanjo na mtu wa kuandika majina.