Umetoka Wapi, au Unaumwa Wapi?

Jambo kwenu baba na mama mliokimbia vijiji vyenu na ambao sasa mnakaa kwa ndugu na kwa wageni hapa Lubumbashi, huko Katuba, Kenya, Ruashi na kwingine. Jambo kwenu wazee, machefu wa mitaa na ninyi wakubwa wa avenyu.

Siku chache zilizopita mama mmoja alinisimulia namna alivyompeleka mtoto wake mwenye homa kwenye kituo cha afya. Swali la kwanza aliloulizwa halikuwa, "Mtoto anaumwa wapi?" Aliulizwa, "Ninyi mmetoka wapi?" Akajibu, na akaona uso wa yule aliyeuliza unabadilika. Akangoja mpaka saa nane mchana. Sitataji kituo hicho, maana jambo hili linafanyika mahali pengi, na pengine wewe unayenisikiliza umewahi kumwuliza mtu swali hilo hilo.

Basi leo nataka twende mbali kidogo, upande wa magharibi, pale ambapo mipaka ya Kongo, Angola na Zambia inakaribiana. Upande wa Zambia kuna kilima kinachoitwa Kalene. Ni nchi ya chemchemi. Mto Zambezi unaanzia karibu na hapo. Mvua ikinyesha kusini ya mpaka, maji yanakwenda Bahari ya Hindi. Ikinyesha kaskazini, yanashuka kuingia mto Kongo mpaka Atlantiki. Lakini watu hawakugawanyika kama maji. Wengi ni Walunda, na wazee wao wanasema mababu walitoka Musumba, kwa Mwant Yav. Mistari ya mpaka ilichorwa na Wazungu.

Mwaka 1889 munganga mmoja Mwingereza, Walter Fisher, alifika Angola pamoja na Frederick Arnot, yule mmisionari aliyefika kwa Msiri, huko Bunkeya, mwaka 1886. Fisher alisomea kazi yake kwenye lopitali ya Guy's, London, na angeweza kukaa kwao akapata mali. Alimwoa Anna Darling, mmisionari mwenzake, na wakafanya kazi Angola miaka mingi. Njia ya misafara ilipita katika nchi ile. Wafanyabiashara wa Bihe walitoka upande wa Benguela na bunduki na vitambaa, wakarudi na pembe za ndovu, mpira, na watu waliofungwa.

Mwaka 1906 jamaa ya Fisher ikahamia Kalene. Ndio mwaka ambao Union Minière iliundwa. Mji wetu huu ulikuwa bado, ulianzishwa mwaka 1910. Walunda walimwita Fisher "Ndotolu", ndiyo kusema dokta. Wagonjwa wakaja kutoka pande zote tatu. Wengine walikuwa wamekimbia utumwa, wengine walikimbia kodi na kazi ya nguvu. Watoto waliofiwa na mama walilelewa pale chini ya ulinzi wa Mama Anna.

Hebu fikirini. Mahali kama pale mtumwa aliyetoroka aliweza kulala karibu na mtu wa ukoo ule uliomwuza. Sisemi kwamba walipendana usiku ule. Labda hawakusemezana hata neno. Lakini kila mmoja alisikia mwenzake akilia kwa maumivu, na dawa ilitoka kwenye chupa moja.

Tuseme ukweli wote, maana amani haijengwi kwa hadithi nusu. Mwaka 1925 jamaa hiyo hiyo ilianzisha shule huko Sakeji, na ilikuwa kwa watoto wa Wazungu. Mtoto wa Mlunda aliyepona Kalene hakuweza kukaa darasani mle pamoja na mtoto wa mmisionari. Ubaguzi ule ulikwisha baadaye, lakini ulikuwako. Tena kuna jambo jingine linalonisikitisha: nani alitafsiri maneno ya wagonjwa? Nani alichota maji, akabeba machela, akakesha? Ni Walunda wenyewe, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Bila wao Ndotolu angekuwa bubu.

Fisher alifariki mwaka 1935. Lopitali ya Kalene ingali inatibu watu, na Wakongo wangali wanavuka mpaka kuifikia.

Sasa ninyi machefu. Hapa Katanga tunajua swali la "umetoka wapi" linaweza kutufikisha wapi. Mwaka 1992 na 1993 lilipigishwa milango huko Likasi na Kolwezi. Familia zenye asili ya Kasai, pamoja na watoto waliozaliwa hapa hapa na wasiojua Kasai hata kwa macho, zililala kwenye stesheni miezi mingi zikingoja treni. Watu wengi walikufa, pale stesheni na njiani. Waliowafukuza walikuwa majirani.

Najua orodha ya majina inatakiwa. Bila orodha, chanjo haigawiwi sawasawa, wala unga. Andikeni basi, lakini homa ipimwe kwanza. Na asiyetakiwa kuandika ni yule mwenye kisasi; mnamjua, mwondoeni kwenye meza ile.

Nanyi mliokimbia, msicheke. Kwenye bomba la maji nimesikia watu wa kijiji kimoja wakimnyima zamu mwanamke mkimbizi kama wao, sababu ametoka ng'ambo ya mto.

Mtoto wa yule mama alipona. Muuguzi wa zamu ya mchana, mwenyeji wa mtaa ule, ndiye aliyempokea. Hakuuliza kitu. Alimwekea mtoto mkono kwenye paji la uso, akasema, "Lete hapa, mama."

Kwaherini, mpaka juma lijalo.