Mtabiri wa hewa kambini mwa wazima moto

Wengi wetu tumewahi kusafisha shamba kwa moto. Tunajua adui mkubwa ni upepo. Unageuza mgongo kidogo tu, mara shamba la jirani linawaka. Leo tuzungumze juu ya watu ambao kazi yao ni kuuchunga upepo huo. Watu hao wako Marekani.

Magharibi ya nchi hiyo kuna milima na misitu mingi. Kiangazi kikifika majani hukauka, radi hupiga, na moto huweza kuwaka kwa majuma mengi. Wazima moto hupiga kambi. Moto ukiwa mkubwa, idara ya hali ya hewa huwapelekea mtabiri. Huyo hakai ofisini mjini, la! Anakaa nao kambini, pengine analala kwenye hema. Asubuhi, kabla vikosi havijatoka, anasimama mbele yao na kusema kwa maneno mafupi: leo joto litakuwa hivi, na upepo utageuka baada ya saa nane.

Anajuaje? Anatazama picha za mawingu kutoka kwenye setilaiti. Pengine anarusha baluni lenye vipimo. Lakini kipo pia kifaa rahisi sana: vipimajoto viwili, kimoja kimevikwa kitambaa kilicholowa maji. Unavizungusha hewani. Kile chenye maji hupoa, kama maji ya mtungi yanavyopoa. Vikipishana sana, basi hewa ni kavu, na majani yatashika moto upesi.

Sasa tutazame yaliyotokea mwaka 1994. Tarehe 2 Julai radi iliwasha moto katika mlima Storm King, jimbo la Colorado. Ulikuwa moto mdogo. Tarehe 6 wazima moto walikuwa mlimani wakifyeka njia ya kuuzuia. Watabiri walikuwa wamekwisha onya kwamba siku hiyo hewa ya baridi itaingia na upepo mkali. Lakini habari hiyo haikuwafikia watu waliokuwa mlimani! Kwenye saa kumi alasiri moto ukalipuka bondeni, ukapanda. Na moto ukipanda mlima, binadamu hawezi kushindana nao mbio. Walikufa watu 14.

Jamani, hebu tufikiri. Utabiri ulikuwa sahihi. Ulikuwa umeandikwa. Haukufika.

Na hata ukifika, hatari haijaisha. Tarehe 30 Juni 2013, karibu na Yarnell, jimbo la Arizona, upepo wa mvua ya ngurumo uliugeuza moto, ukaua wazima moto 19. Hao walikuwa wameonywa kwa simu ya upepo.

Kwa hiyo kikosi huweka mlinzi mahali pa juu. Anatazama moto na mawingu, anapima hewa mara kwa mara, na kuzisoma namba zake kwa simu ya upepo. Kule kambini mtabiri anasikiliza. Namba zikienda kinyume cha alivyosema asubuhi, hangoji kesho. Anawaita saa ile ile.