Misindano Ikizeeka, Naitrojeni Huenda Wapi?



Misindano ya Shamba la Miti Silayo, wilayani Chato mkoani Geita, bado michanga. Ilianza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Ndiyo sababu nimelichagua shamba hilo: swali la leo huulizwa vizuri zaidi kabla msumeno haujafika.

Wengi tunaamini kwamba kupanda miti kunarutubisha ardhi, na kwamba miti ikizeeka rutuba inazidi. Shinyanga imani hiyo ina mashiko. Tangu mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI uanze mwaka 1986, Wasukuma wamefufua ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa, na humo migunga mingi ina vinundu mizizini, makazi ya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Msindano hauna vinundu. Hautengenezi naitrojeni, unaihamisha tu. (Msiionee misindano kwa ugeni wake: hata miyombo ya asili, ijapokuwa ni jamii ya mikunde, haina vinundu.)

Ardhi inapofyekwa, mboji ya zamani huoza upesi na nitrati huwa tele. Mvua za kwanza huzamisha sehemu yake chini, mizizi ya miche isikoweza kufika. Kisha miti huanza kujenga majani na matawi, nayo hunyonya kwa pupa. Hiki ndicho kipindi ambacho udongo wa juu hupungukiwa. Matawi yakishagusana, kasi hupungua, kwa sababu mti huvuta naitrojeni kutoka kwenye sindano kuukuu kabla ya kuzidondosha.

Fukua chini ya msindano uliokomaa. Juu utakuta sindano kavu, nzima kabisa. Chini yake zimevunjika na kushikamanishwa na nyuzi nyeupe za kuvu. Ukifika kwenye weusi wa mboji ndipo udongo unapoanza. Sindano zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo vijidudu vinavyoziozesha huishikilia naitrojeni kwa matumizi yao wenyewe. Mtafiti anayefagia tabaka hilo kando, akapima udongo peke yake, ataandika kwamba naitrojeni imepotea, kumbe ameifagia kwa mkono wake.

Hatari kubwa basi ni siku ya kuvuna. Moto wa kusafisha eneo huirudisha naitrojeni angani kama gesi. Majivu hubaki na fosforasi na potasiamu, na weusi wake hutudanganya kwamba ardhi imepata mbolea. Tuache matawi na sindano zioze palepale, na njia za kuzuia moto ziwe safi, maana kiangazi cha Geita hakina huruma.

Na kuna soko la karibu: wachimbaji wadogo, ambao maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, hayasimami bila matimba, nguzo za kuyaegemeza. Gogo lililokomaa halibebi naitrojeni nyingi. Iliyo nyingi iko kwenye sindano, magome na vitawi. Ila kwa mti mchanga majani na vitawi huchukua sehemu kubwa zaidi. Tukikata mapema kwa ajili ya matimba, tukapanda na kukata tena, kila tani ya mti itaondoka na naitrojeni zaidi kuliko tani ya mti wa miaka ishirini na ushee. Wapunguzaji wa miti wapewe sharti moja: nguzo ikwanyuliwe na kumenywa magome humohumo shambani, kabla haijapakiwa kwenye lori.