Mzigo na Sahani: Kwa Mwanafunzi Anayerejea Mazoezini

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wanafunzi, wazazi na walezi wa kata za katikati ya jiji



Eneo letu limepata jina lake kutokana na kazi ya kubeba mizigo. Kariakoo ni matamshi yetu ya maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliolitumikia jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walipoteza maisha katika vita vile, na walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, uchovu na uhaba wa chakula. Mwili uliobebeshwa bila kulishwa haukukomaa, bali ulikwisha.

Nimeikumbusha historia hiyo kwa kuwa ina funzo kwa kijana anayerudi kwenye mazoezi ya nguvu baada ya mitihani, likizo au mafunzo kwa vitendo. Aghalabu huupangia hesabu mzigo atakaounyanyua, lakini sahani yake haipangii chochote. Asubuhi hupita kwa chai ya rangi, mchana kwa andazi, jioni anakwenda kunyanyua vyuma. Baada ya mwezi mmoja nguvu hazijaongezeka, masomo yamezorota, naye anaanza kuamini kwamba mwili wake haufai.

Mazoezi haya si ya wachezaji wa Msimbazi na Jangwani peke yao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na wenye umri wa miaka 5 hadi 17 angalau siku 3. Mabinti, ushauri huo unawahusu sawasawa na kaka zenu.

Nianze na mzigo. Misuli iliyowahi kufanya mazoezi hurudisha nguvu upesi kuliko ilivyozipata mara ya kwanza. Kano, ambazo huiunganisha misuli na mifupa, huimarika polepole zaidi. Hapo ndipo hatari ilipo: katika wiki ya tatu au ya nne kijana hujiona amerejea hali yake ya zamani, ilhali kano zake bado. Kwa hiyo anza na nusu ya uzito uliouzoea kabla ya kuacha, hata kama unauona mwepesi.

Asiye na uwezo wa kulipia gimu asikate tamaa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo dumu la lita 10 au 20 ni chuma kinachopimika. Mazoezi manne yanatosha kuanzia. La kwanza ni kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umelikumbatia dumu kifuani. La pili ni pushapu, na anayeshindwa chini aanze kwa kuegemea ukuta. La tatu ni kuinama na kulivuta dumu hadi ubavuni. La nne ni kulinyanyua kutoka sakafuni, mgongo ukiwa umenyooka na nguvu ikitoka kwenye mapaja na nyonga.

Fanya kila zoezi mara 8 hadi 12, mizunguko 2 katika wiki mbili za kwanza, kisha mizunguko 3. Acha ungali na uwezo wa kurudia mara 2 zaidi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinatosha, kwani misuli hujijenga katika siku za mapumziko. Ukifikisha mara 12 katika mizunguko yote, ongeza lita 1 tu, kisha uandike kwenye daftari. Haba na haba hujaza kibaba.

Misuli kuuma kwa siku mbili au tatu ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo au kifua, kizunguzungu, au mkojo wenye rangi ya chai nyeusi si kawaida. Acha mazoezi na ufike mara moja katika kituo cha afya.

Sasa nije kwenye sahani. Mtu anayejenga misuli huhitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanafunzi wa kilo 60 atahitaji gramu 72 hadi 96. Tuzitafute sokoni. Mayai 2 yana gramu 12 hivi. Glasi ya maziwa ina 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15. Gramu 30 za dagaa wakavu zina karibu 18, na konzi ya karanga ina 7. Jumla ni 60. Ugali, wali na chapati za siku nzima huweza kuongeza nyingine 20, na hapo tumefika 80. Asiyepata maziwa aongeze kunde, choroko au dengu.

Wanga nao usidharauliwe, kwa kuwa ndio unaoupa mwili nguvu ya kunyanyua na akili nguvu ya kusoma. Kwa mama lishe, omba maharage yaongezwe kabla ya kuomba wali uongezwe, na mboga za majani zisikosekane. Anayefunga Ramadhani afanye mazoezi mepesi baada ya futari, ale daku, na anywe maji ya kutosha usiku. Usingizi wa saa 8 nao ni sehemu ya lishe hiyo.

Wapo watakaowauzia unga wa protini kwa bei kubwa. Unga huo si mwujiza, kwa kuwa protini yake hufanya kazi ileile ya maharage na dagaa. Vidonge na sindano za kukuza misuli haraka ni jambo jingine: dawa za homoni zinazotumiwa bila daktari huweza kudhuru ini, moyo na uzazi. Dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba isiingie mwilini mwako.

Wazazi na walezi, kijana anapoomba yai la pili, msimwone mlafi. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au selimundu amwone daktari kabla ya kuanza. Kwa ushauri wa chakula, halmashauri ina maofisa lishe. Kwa maswali ya viwanja na michezo, wapo maofisa michezo. Ofisi ya Mtendaji wa Kata yako itakuelekeza kwao.

Wapagazi wale hawakuwa na hiari juu ya mzigo wala chakula. Ninyi mnayo. Pangeni vyote viwili kwa pamoja, kabla ya dumu la kwanza kujazwa maji.